Siku moja ya ndege Dodoma: asubuhi bwawani, jioni mjini

Anayekuja Dodoma kutoka Tanga au Dar es Salaam huwa amezoea kupanga siku ya kutazama ndege kwa kupwa na kujaa. Maji yakitoka kwenye mikoko vitwitwi, wale ndege wadogo wa kingo za maji, hushuka matopeni, naye anakuwa ameshakaa tayari. Huku hakuna mikoko wala bamvua. Saa ya kufika hupangwa na jua na upepo, na mahali pa kwenda hupangwa na maji, maana mvua huanza mwishoni mwa Novemba au Desemba na kukoma Aprili; miezi iliyobaki kila chenye uhai hugombea madimbwi yale yale.

Kwa hiyo tunashauri hivi: asubuhi yote iende bwawa la Hombolo, mchana kivulini, jioni mjini. Wengi hufanya kinyume. Huanza na bustani za mjini kwa kuwa ziko karibu na hoteli, na wakifika Hombolo saa tano upepo umeshaamka, maji yanang'aa kama bati jipya, kila ndege ni kivuli cheusi.

Bwawa la Hombolo lilijengwa mwaka 1957, na liko kama kilomita 40 kaskazini mashariki mwa jiji. Shika barabara ya Morogoro hadi Ihumwa, kisha kata kushoto. Novemba jua huchomoza kama saa 12 na dakika 10. Julai ni karibu saa 1 kasoro dakika 10. Ondokeni mjini saa moja na nusu kabla ya hapo. Ni mapema, ndiyo, na Juni na Julai kuna baridi ya kweli, kwa hiyo sweta si anasa. Lakini saa tatu za kwanza baada ya jua kutoka zina ndege kuliko saa zote zilizobaki zikijumlishwa.

Mkifika, msikimbilie ukingo wa karibu na gari. Tafuteni upande wa mashariki wa maji ili jua liwe mgongoni na ndege wawe mbele wakiwa wamemulikwa. Hili peke yake huokoa asubuhi nzima: ndege yule yule aliyekuwa "mweusi tu" anakuwa na rangi ya mdomo, ya miguu na ya jicho. Chukua yangeyange. Kwa mbali wote ni weupe. Mwenye mdomo wa njano, mfupi na mnene, anayefuata ng'ombe, ni mmoja. Mwembamba mwenye mdomo mweusi, miguu myeusi na vidole vya njano kama amekanyaga rangi, ni mwingine. Mkubwa mwenye shingo ndefu iliyovunjika katikati kama kiwiko ni wa tatu. Mkimaliza hao watatu mmejifunza njia ya kuwatazama wengine wote: umbo kwanza, mdomo, miguu, kisha anafanya nini, rangi ya mwili iwe ya mwisho.

Tarajieni pia mnandi waliotandaza mabawa kukausha, kibisi anayezama na kuibukia kwingine, bata bukini, kwarara, sile-maua akitembea juu ya majani yanayoelea, na mdiria mweusi kwa mweupe anayesimama hewani kabla ya kujitupa majini. Kuanzia Oktoba hadi Machi wanaongezeka wageni kutoka Ulaya na Asia, hasa vitwitwi wa kingo za tope. Msiingie majini hata yakiwa ya kifundo. Maji yaliyotulia yenye konokono ni maji ya kichocho. Na kabla ya kukubali kupanda mtumbwi, waulizeni wavuvi kuhusu viboko. Wavuvi hao hao wanajua ndege hulala wapi na lini walionekana wengi. Salimieni vizuri, kaeni nao kidogo, na kama mnanunua samaki nunueni kwao.

Kati ya saa mbili na saa nne asubuhi geuzeni macho kwenye madimbwi madogo na kingo zenye mchanga. Huo ndio muda wa firigogo, ndege wa nchi kavu wanaofanana na njiwa, kuja kunywa. Wanatua mbali, wanatazama, wanasogea kwa miguu, wanakunywa haraka na kuruka. Dume mwenye vifaranga hulowesha manyoya ya tumbo na kuwapelekea maji huko walipo. Mkisimama hatua kumi kutoka kwenye dimbwi hawatui kabisa. Rudini mita 40, mkae chini, mnyamaze robo saa. Watu wengi hushindwa hapo kwenye robo saa.

Kisha ingieni kwenye migunga na mibuyu, maana ndiko waliko ndege ambao mtu hasafiri kuwaona kwingine. Wa kwanza ni kwezi wa kijivu, anayepatikana Tanzania peke yake. Hana ule urembo wa kwezi wa buluu na rangi ya chungwa anayeokota makombo hotelini, ndiyo maana hupitwa. Ni wa kijivu kinachoelekea kahawia, mkia mrefu, jicho la njano iliyopauka. Wanaoanza humchanganya na kuzumburu, ambaye naye ni wa rangi hiyo na ana mkia mrefu. Tazama anavyokwenda: kwezi hutembea chini kama mtu mwenye shughuli, kuzumburu hutambaa na kuning'inia vichakani kama panya, na ana kishungi. Wa pili ni cherero mwenye shingo ya njano, kasuku mdogo wa kijani mwenye kichwa cheusi, mdomo mwekundu na duara jeupe kuzunguka jicho. Huyu naye kwao ni Tanzania. Hukaa kwenye matundu ya mibuyu, na mara nyingi utamsikia akilia kwa ukali akipita juu kabla ya kumwona. Wa tatu ni hondohondo wa Tanzania ya kati mwenye mdomo mwekundu. Mtambue kwa ngozi nyeusi inayozunguka jicho. Mkisikia sauti kama mbuzi analalamika juu ya mti, si mbuzi. Ni ndege aitwaye gowee tumbo-jeupe.

Sasa darubini, maana hapa ndipo pesa na subira hupotea. Nunua au azima ya 8x42. Namba ya kwanza ni mara ngapi inakuza, ya pili ni upana wa lenzi ya mbele kwa milimita. Watu hupenda 10 au 12 kwa kudhani kubwa ni bora, lakini kadiri inavyokuza ndivyo mtetemo wa mkono unavyokuzwa, na upepo wa Dodoma wa Julai hadi Septemba hautaki msaada. Kabla ya kuondoka rekebisha hivi. Kunja au tanua bawaba ya katikati mpaka uone duara moja, si mawili. Funika lenzi ya kulia, tazama kibao chenye maandishi kwa jicho la kushoto, zungusha gurudumu la katikati mpaka herufi zikae sawa. Funika ya kushoto, tazama kibao kile kile kwa jicho la kulia, na safari hii zungusha pete ndogo iliyo karibu na jicho la kulia, usiguse gurudumu. Hapo imekukaa wewe. Ukimwazima jirani, rudia. Mvaa miwani akunje vikombe vya mpira vya machoni, la sivyo ataona tundu la sindano.

Kumpata ndege ni jambo jingine. Mkazie macho kwanza, usimwachie, kisha inua darubini ije kwenye macho. Anayeshusha macho kutafuta darubini kifuani ameshampoteza. Vumbi likiingia kwenye lenzi lipulize kwanza ndipo ufute kwa kitambaa laini, kwa sababu mchanga wa huku hukwaruza.

Kundi lisizidi watu sita kwa kiongozi mmoja. Wakiwa kumi wa nyuma wanaona migongo. Kiongozi mzuri utamjua kwa swali moja kabla ya kukubaliana bei: muulize leo ni ndege gani hamtamwona. Anayeahidi wote, muogope. Na jambo dogo linalovuruga makundi mengi ya Waswahili: ile njia ya kuelekeza kwa uso wa saa, 12 ikiwa mbele yenu, "ndege yuko saa tatu". Kwetu saa tatu ni mshale mfupi kwenye 9, hivyo nusu ya kundi hugeukia kushoto na nusu kulia, na ndege anaondoka zake. Elekezeni kwa mti: "mbuyu mkubwa, tawi la kulia, juu ya kiota, amekaa." Hata neno korongo lina mtego wake, mwambie dereva "simama, korongo hilo" na atakanyaga breki akidhani kuna shimo.

Kila mmoja abebe lita mbili za maji, kofia, na viatu vilivyofunika vidole, kwa kuwa mwiba wa mgunga hupita kwenye ndala kama hakuna kitu. Nguo ziwe za udongo au kijani iliyofifia. Shati jeupe huonekana kutoka ng'ambo ya bwawa. Msipige sauti za ndege kwenye simu ili kuwaita. Mara moja inaweza kuwa haina neno, lakini mkirudia dume huacha kulisha vifaranga akija kupambana na mpinzani asiyekuwapo.

Wakati wa uwele na mtama kuiva makundi ya kwelea, ndege wadogo walao nafaka, huja kwa maelfu, na serikali hutumia ndege za kunyunyizia sumu. Mkikuta ndege wengi wamekufa pamoja, msiwaguse wala msiruhusu watoto wawaokote kwa kitoweo. Toeni taarifa kwa mtendaji wa kijiji.

Kuanzia saa tano hadi saa tisa pumzikeni. Kama kuna mtu hawezi kukaa, atazame juu: hewa ya moto huwainua mwewe na tai wakizunguka bila kupiga bawa.

Saa kumi jioni ingieni mjini. Chinangali Park na Nyerere Square si mbuga, lakini miti yake hubeba zaidi ya inavyodhaniwa. Mwarobaini ukiwa na matunda simameni chini yake dakika kumi; shore na kuzumburu watakuja wenyewe. Maua yakiwapo, chozi huja. Eneo la Chuo Kikuu cha Dodoma, kilichoanzishwa mwaka 2007, ni zuri zaidi kwa sababu majengo yametawanyika vilimani na vichaka vimebaki kati yake. Jitambulisheni getini na mseme wazi mnafanya nini. Mabwawa ya majitaka ya Swaswa huvuta bata na vitwitwi kuliko bustani yoyote. Harufu mtaizoea, ila kibali kutoka mamlaka ya maji kitangulie.

Huu ni mji wa serikali. Darubini na kamera zisielekezwe kwenye kambi za jeshi, uwanja wa ndege, Bunge wala upande wa Ikulu Chamwino, hata kama tai amekaa juu ya ukuta. Askari hataona tai. Mkiulizwa, fungueni kitabu cha ndege na daftari mumwonyeshe. Daftari lenye orodha na saa hueleza haraka kuliko maneno.

Daftari lenyewe liwe na mahali, saa ya kuanza na kumaliza, jina la ndege, idadi, na alichokuwa akifanya. Kundi kubwa msilikadirie kwa macho: hesabu kumi, tazama kumi hao wanajaza nafasi gani, kisha pima nafasi hiyo imejirudia mara ngapi. Tatizo kubwa litakuwa ndege wadogo wa kahawia. Madume ya kwera na kweche huvaa rangi zao wakati wa mvua na kuzivua kiangazi, hivyo Septemba wote hufanana na majike, hata mwenye uzoefu hukwama. Andika "kwera, aina haijulikani" na idadi. Programu ya simu ya Merlin, inayotambua ndege kwa sauti au picha, husaidia ikiwa mmepakua faili za eneo hili mkiwa bado kwenye intaneti nzuri, lakini jina inalopendekeza lichukueni kama la rafiki anayesikia vibaya. Kama hamkumwona ndege, asiingie kwenye orodha.

Orodha ihamishiwe eBird, hifadhi ya mtandaoni ya orodha za ndege, usiku huo huo, Hombolo peke yake na kila bustani peke yake. Ikichanganywa kuwa "Dodoma, siku nzima", cherero wa kwenye mibuyu ataonekana kama alikuwa Nyerere Square.