Gobori la Babu: Soma Chuma Kwanza, Hadithi Ije Baadaye

Watu wanaonitumia picha za gobori lililokutwa darini huanza karibu kila mara kwa kunieleza kuwa lilipigana vita vya Majimaji, na ushahidi wao ni kwamba ni bunduki ya gumegume, yaani inayowashwa kwa cheche za jiwe, kwa hiyo lazima iwe ya kale sana. Mimi hutafiti silaha zilizoingia bara kupitia Unguja na Bagamoyo, na hoja hiyo siipokei.

Aina ya mtambo wa kufyatulia haitoshi kutaja umri. Mkataba wa Brussels wa mwaka 1890 ulibana uingizaji wa silaha barani Afrika kati ya latitudo 20 kaskazini na 22 kusini, hasa zile ambazo mitutu yake ina mifereji ya kuizungusha risasi, lakini uliacha mwanya kwa gumegume zenye mtutu laini na baruti ya kawaida. Matokeo yake, bunduki ambazo majeshi ya Ulaya yalikwisha kuziacha zamani ziliendelea kuundwa kwa ajili ya soko letu, na ile unayoidhania ya enzi za Sayyid Said yaweza kuwa imetengenezwa baada ya Wajerumani kuitwaa pwani.

Tafuta alama, basi. Neno TOWER lenye taji ubavuni mwa mtambo, yaani alama ya ghala la silaha la Mnara wa London, lisikufanye uitangaze kuwa ya jeshi la Uingereza, kwa sababu mafundi wa Liège, Ubelgiji, waliliiga bila haya. Angalia sehemu ya nyuma ya mtutu, ukimulika tochi kwa pembeni: herufi ELG ndani ya umbo la yai ni alama ya ukaguzi ya Liège, na taji dogo juu ya yai hilo liliongezwa mwaka 1893. Mtu aliyekwisha kupitisha msasa ili chuma king'ae ameifuta tarehe hiyo kwa mkono wake. Kitambaa kikavu kinatosha.

Kabla ya yote hayo, hakikisha haijashindiliwa, kwani baruti ya zamani bado inaua. Akiwa amesimama kando ya mdomo wa mtutu, fundi mwenye ujuzi ataingiza ufito wa mbao taratibu, atautia alama mdomoni, kisha ataulaza juu ya mtutu kwa nje: ukikomea mbali na tundu la moto, yaani kitundu cha nyuma ambamo cheche hupenya kuwasha baruti, kuna kitu ndani. Gobori bovu nalo ni silaha mbele ya sheria, kwa hiyo taarifa iende polisi mapema. Kwa sababu hiyo mkusanyo wangu mwenyewe ni wa karatasi tupu: picha, vipimo na chapa za alama zilizonakiliwa kwa penseli.

Maneno ya wazee nayo yaandikwe, lakini kwenye karatasi yake, pamoja na jina la msimulizi na tarehe. Babu anaweza kuwa alipigana kweli mwaka 1905, akaja kuinunua bunduki hii baadaye kwa ajili ya nguruwe waliokuwa wakimmalizia mihogo.