Injini Ndogo, Ndege Ipi?

SWALI: Nimepata injini ya cc 2.5 inayotumia methanoli, na kabureta na sailensa yake ni nzima. Kuna mtu ananiuzia ndege ya rimoti ya kujifunzia, ya mbao, chaneli nne. Bawa lina urefu wa sm 160 na upana wa sm 28. Imetengenezewa injini ya cc 6.5, ila anasema ya kwangu itaivuta tu, polepole. Nakaa Nakuru na sijawahi kurusha. Nichukue?

JIBU: Usichukue. Ndege ya ukubwa huo, ikishafungwa kila kitu, huwa na kilo 2.3 hadi 2.7, na injini yako haifiki hata nusu ya ujazo iliyotengenezewa. Kwenye nyasi itakimbia mpaka uwanja uishe. Ikibahatika kunyanyuka, hatari inakuja kwenye kona ya kwanza. Ndege iliyolala upande inataka nguvu zaidi kuliko inayokwenda sawa, na injini haina cha kuongeza. Mwendo unashuka, anayejifunza anavuta eleveta (kibao cha mkiani cha kuinua na kushusha pua) ili pua isianguke, bawa moja linaacha kubeba, na ndege inajinyonga hadi chini.

Urefu wa bawa peke yake haukwambii kitu. Injini hiyo hiyo inaweza kuvuta ndege nyepesi ya kuelea yenye bawa la sm 180, mradi uzito wote usizidi kilo 1.3. Kwa hiyo nenda na mizani na futi kamba. Zidisha urefu wa bawa kwa upana wake, vyote kwa sentimita, gawanya kwa 100. Hizo ni desimita za mraba. Kisha gawanya uzito wa ndege, kwa gramu, kwa jibu hilo. Kwa anayeanza tunataka gramu 40 hadi 45 kwa kila desimita ya mraba. Ikipita 55, ndege inatua kwa kasi ambayo mikono mipya haiwezi kuifuata.

Kwa cc 2.5 tafuta bawa la sm 120 kwa sm 20, yaani desimita 24, lililowekwa juu ya kiwiliwili, na uzito wa gramu 950 hadi 1,050. Wewe kaza kwenye 1,000. Nakuru iko yapata mita 1,850 juu ya usawa wa bahari, na hewa ya huko ni nyepesi kuliko ya pwani kwa karibu moja ya sita. Hapa wengi hukosea, kwa sababu wakiisikiliza injini wanaona inazunguka vilevile kama pwani. Ni kweli inazunguka vilevile: injini imepungukiwa nguvu, lakini propela nayo inakata hewa nyepesi. Kilichopungua ni msukumo, na huo hausikiki kwa sikio. Propela ya 8x4 inakufaa, yaani kipenyo cha inchi 8 na mpindo wa kusonga inchi 4 kwa kila mzunguko. Usiende 8x6 ukidhani utapata kasi. Utapoteza uwezo wa kupanda, na injini itachemka.

Hiyo kilo moja inatimia hivi: injini na sailensa gramu 190, tangi la cc 60 likijaa 70, servo nne ndogo (vimota vinavyosogeza vibao vya usukani na kabureta) 50, risiva (kipokezi cha rimoti) 10, betri ya seli nne ndogo 55, magurudumu na nyaya zake 70, propela na vifungio 40. Mpaka hapo ni 485. Mbao, gundi na ngozi ya bawa visizidi 500. Ukiweka servo nne za kawaida, za gramu 45 kila moja, umeongeza gramu 130 bila faida yoyote.

Tangi lifungie kwenye sponji, na mstari wake wa katikati uwe sawa na sindano ya kabureta (ile skrubu inayopima mafuta) au chini kidogo. Likikaa juu zaidi, mafuta yanajaa kwenye injini ndege ikiwa chini. Likikaa chini sana, injini inakauka pua ikiinuka. Ubao unaoshika injini upake epoksi hadi kwenye matundu ya skrubu, kwa kuwa mafuta yakiingia kwenye mbao gundi inaachia. Uzito usimame, yaani ndege isawazike ukiiinua kwa vidole, sm 5 hadi 6 nyuma ya ukingo wa mbele wa bawa, tangi likiwa tupu.

Kabla ya kila mruko, mwenzako aishike ndege injini ikiwa mwendo wa juu, nawe ukiwa nyuma ya propela. Ainue pua wima kwa sekunde tano. Mlio ukipanda kidogo na kutulia, ni sawa. Ukififia, mafuta ni machache: fungua sindano kliki mbili au tatu, ujaribu tena. Na kabla ya hayo yote, ulizia KCAA, mamlaka ya usafiri wa anga ya Kenya, kuhusu kibali na mahali unapotaka kurushia.

SWALI: Injini imeandikwa .15. Ndiyo cc ngapi? (Mwanza)

JIBU: Hizo ni inchi za ujazo. Zidisha kwa 16.4. Kwa hiyo .15 ni karibu cc 2.5, .10 ni cc 1.6, na .40 ni cc 6.5.

SWALI: Nina Cox .049 yenye tangi lake nyuma, haina kabureta. Naweza kuiweka kwenye ndege ya rimoti? (Tanga)

JIBU: Unaweza, na ni injini nzuri sana ikiheshimiwa. Ni cc 0.8, inaenda kasi moja tu mpaka mafuta yaishe, dakika mbili na nusu hivi. Basi ndege yako iwe ya kuelea: chaneli mbili tu, usukani wa mkiani na eleveta, bawa la sm 95 kwa sm 15, gramu 400 hadi 450, irushwe kwa mkono. Injini ikizima ndipo unaanza kuirudisha, kwa hiyo usiiache iende na upepo. Propela ni 6x3.

Zingatia mafuta. Konrodi ya injini hii imeungana na pistoni kwa kitufe kidogo cha duara kilichobanwa ndani ya kikombe chake, na hapo ndipo inapokufa. Mafuta ya kulainisha yawe angalau asilimia 20 ya mchanganyiko, na nusu yake au zaidi yawe ya mbarika. Yale ya nywele yaliyotiwa manukato hayafai. Plagi imo ndani ya kichwa cha injini na inataka volti 1.5, ukiipa betri ya volti 3 imeungua papo hapo, na unabadilisha kichwa kizima.