Objekti ya Maktaba Inaishi Hadi Lini?

Jaribio la Robot Framework (zana ya kuendesha majaribio ya programu) likipita ukiliendesha pamoja na wenzake, kisha likaanguka ukiliendesha peke yake, usianze kulipekua jaribio lenyewe. Angalia kwanza maktaba, yaani mkusanyiko wa amri, linayoitumia. Mimi nilipoteza siku mbili kwa kutolijua hilo. Nilikuwa nimeandika maktaba ya Python kwa ajili ya Robot Framework, nayo ilitunza tokeni (alama ya utambulisho) ya mtumiaji aliyeingia kwenye mfumo. Faili la kwanza liliingia kama msimamizi. Faili jingine, mbele kabisa, lilikuwa likiitumia tokeni ile ile bila mtu kujua. Mafaili huendeshwa kwa mpangilio wa majina, kwa hiyo mwenzangu alipobadilisha jina la faili moja tu, majaribio yakaanza kuanguka ovyo, ilhali mfumo tuliokuwa tunaupima ulikuwa mzima.

Chanzo kilikuwa mstari mmoja niliounakili bila kuuelewa: ROBOT_LIBRARY_SCOPE = 'GLOBAL'. Thamani hiyo huunda objekti moja, yaani nakala hai ya maktaba yenye data yake, inayodumu tangu mwanzo wa uendeshaji hadi mwisho. SUITE huunda moja kwa kila faili la majaribio. TEST huunda mpya kwa kila jaribio, na ndiyo inayotumika usipoandika chochote. Ukiandika maktaba kama moduli badala ya klasi, huna la kuchagua: moduli ni GLOBAL daima.

TEST nayo ina mtego wake, na wanaoanza wengi hunaswa hapo. Maandalizi ya faili zima (Suite Setup) na umaliziaji wake (Suite Teardown) vina objekti yao, tofauti na zile za majaribio. Kwa hiyo ukiingia kwenye mfumo wakati wa maandalizi, tokeni ikabaki ndani ya objekti, jaribio la kwanza litakuta objekti nyingine, tupu. Utaapa kwamba umeingia, na ni kweli umeingia, ila aliyeingia si huyu anayeulizwa.

Ushauri wangu: anza na TEST. Panda hadi SUITE au GLOBAL pale tu ambapo kuunda kitu upya kunagharimu muda mwingi, kama kufungua kivinjari au muunganisho wa hifadhidata. SeleniumLibrary, maktaba ya kuendesha vivinjari, yenyewe ni GLOBAL, na vivinjari ilivyofungua havijifungi jaribio linapoisha. Ndiyo maana amri ya Close All Browsers huwekwa kwenye umaliziaji.

Nasisitiza: kwenye umaliziaji, si mstari wa mwisho wa jaribio. Hatua ya tatu ikianguka, mstari wa mwisho haufikiwi kabisa, lakini umaliziaji huendeshwa hata jaribio likianguka. Maktaba yako ikiwa inatunza hali (kama ile tokeni) kwa muda mrefu, iandikie amri ya kuisafisha hali hiyo siku ile ile unayoiandika. Ukiahirisha, atakayeihitaji ni mtu mwingine, usiku, akiwa na haraka.

Ukishuku kuna mabaki, endesha na --randomize all, inayochanganya mpangilio, mara kadhaa. Mpangilio ukibadilika na matokeo nayo yakabadilika, kuna jaribio linaloishi kwa jasho la jingine. Kisha andika id(self), namba inayotambulisha objekti, kwenye logi ndani ya amri mbili unazozishuku: namba zikitofautiana ndani ya jaribio moja, huenda maktaba imeingizwa mara mbili kwa vigezo tofauti na kwa jina jingine (AS), na hapo hata GLOBAL hukupa objekti mbili.