Ukichomelea chasisi ya gari la michezo nyumbani, usiharakishe moto

Jioni moja mwaka jana umeme ulirudi mtaani kwetu Walukuba, hapa Jinja, Uganda, baada ya kukatika tangu asubuhi. Nilikuwa nimeungoja siku nzima, basi nikachomelea upande wote wa kushoto wa chasisi, yaani fremu ya gari, bila kupumzika. Mishono ilitoka mizuri, nikalala nimeridhika. Kulipokucha niliiweka chasisi juu ya matofali manne niliyoyasawazisha kwa pima maji. Kona tatu zilikaa. Ya nne ilining'inia, na pengo chini yake lilikuwa milimita 11.

Gari ninalolijenga ni mfano wa Lotus Seven, kigari cha viti viwili kilichobuniwa na Colin Chapman na kuanza kuuzwa Uingereza mwaka 1957. Wanunuzi wengi walikipata kikiwa vipande, wakakiunganisha wenyewe nyumbani. Mwaka 1973 kampuni ya Caterham ikachukua haki za kukitengeneza. Kinamfaa mtu mwenye karakana nyuma ya nyumba, kwa sababu hakihitaji mashine kubwa za kukunja bati. Chasisi ni skwea paipu za inchi moja, unene wa milimita 1.6 hivi, zilizopangwa pembetatu pembetatu. Injini yangu ni ya Toyota, aina ya 5K, niliyoitoa kwenye kigari cha LiteAce kilichooza bodi. Imekaa kwa urefu, gia boksi yake inapeleka nguvu magurudumu ya nyuma, na spea zake nazipata soko la Kiseka nikienda Kampala.

Lakini injini si tatizo. Kazi yote iko kwenye chuma.

Nilimwita mzee mmoja aliyejifunza kazi Katwe, mtaa wa mafundi chuma Kampala, ambaye sasa ana kibanda chake hapa Jinja. Hakutazama mishono kwanza. Alibonyeza ile kona kwa kiganja, chasisi ikayumba, akaiachia. Halafu akachutama, akapitisha kidole juu ya mshono mmoja mrefu.

"Ulianza wapi, ukaishia wapi?"

"Nilianzia mbele, mzee, nikaenda moja kwa moja hadi nyuma."

"Kwa siku moja?"

"Kwa jioni moja."

"Kijana wangu, hiki chuma umekipika. Hukukiunga."

Kisha akachukua vipande viwili vya paipu, akavisimamisha kama herufi T, akahakikisha kwa skwea, kile kipimo cha pembe mraba, kwamba vimesimama sawa, akachomelea upande mmoja tu. Tukakaa tukitazama. Kadiri mshono ulivyopoa ukitoka wekundu kuelekea kijivu, kipande kilichosimama kilianza kuinama polepole kuelekea upande uliochomelewa. Alipoweka skwea tena, mwanga ulipita katikati.

Chuma kikipata moto kinataka kutanuka, lakini chuma baridi kilichokizunguka kinakizuia, kwa hiyo kinajisonga na kunenepa pale pale. Kikipoa kinajikunja, na sasa ni kifupi kuliko kilivyokuwa, basi kinavuta kila kilichoshikamana nacho. Mshono mmoja huvuta kidogo sana. Mishono arobaini ya upande mmoja, iliyopigwa mfululizo, huvuta gari zima.

Kwa hiyo shikiza kwanza. Mafundi wengi huita kupiga taki: nukta ndogo za moto, zaidi ya moja kwa kila kiungo, hadi chasisi nzima isimame juu ya meza bila mshono hata mmoja kamili. Hapo pima kona kwa kona, mshazari huu na ule. Vipimo vikitofautiana, nukta utazikata kwa grainda kwa dakika mbili. Mshono kamili utakuchukua nusu siku, na paipu utakuwa umeiumiza. Mimi nilikata viungo tisa, najua ninachosema.

Vikilingana, choma kiungo kimoja mbele kushoto, nenda nyuma kulia, rudi katikati, geuza upande wa chini. Usiguse kiungo jirani hadi kile cha kwanza kikubali kushikwa kwa mkono. Na usikimwagie maji ili kipoe haraka. Kiache kipoe chenyewe. Mimi sasa nachoma viungo sita au saba kwa siku, basi.

Ukienda kununua paipu nenda na venia, kile kipimo cha kubana cha kupimia unene. Dukani niliambiwa unene ni milimita 1.5, nilipopima ukingoni nikakuta 1.2. Kwa geti la nyumba si neno. Kwa gari litakalobeba mwanao, zirudishe.

Na mshono mzuri kwa macho si lazima uwe umeshika. Jioni watu wakiwasha pasi na majiko, umeme wetu hushuka, na moto ukiwa dhaifu chuma kilichoyeyuka hukaa juu ya paipu kama nta bila kuingia ndani. Kila ninapoanza kazi, nachoma kwanza vipande viwili vya mabaki ya paipu ile ile, navibana kwenye jiliwa, navipiga nyundo hadi vipinde. Paipu ikichanika pembeni ya mshono, naendelea. Mshono ukibanduka mzima, nazima mashine, hata kama nina hamu kiasi gani. Kwa rodi za geji 12 kwenye chuma chembamba hivi, mimi hukaa kati ya ampea 60 na 70. Ukitumia mashine ya waya na gesi, ambayo gesi yake hukinga mshono usiguswe na hewa, tafuta mahali pasipo upepo. Upepo unaotoka ziwani ulinipeperushia gesi wiki nzima, mshono ukawa na vitundu kama mkate, nami nikidhani waya ni mbovu.

Masikio, yaani vibati vyenye tundu vya kushikia mikono ya saspensheni, yanataka uangalifu wa peke yake. Yakikosea milimita mbili, tairi zitalika na usukani utavuta. Kata kipande cha bomba chenye urefu sawa na bushi (ile pete ya mpira ya mkono wa saspensheni), kiweke kati ya masikio mawili, pitisha bolti, kaza, ndipo uchomelee kidogo kidogo. Bushi yenyewe iwe mbali, mpira wake unayeyuka. Sikio langu ni la milimita 3 na paipu ni 1.6, kwa hiyo moto nauelekeza kwenye sikio, kisha nauacha uteleze kwenye paipu. Ukifanya kinyume utatoboa. Na ukimaliza, mshono wa hapo usiusage kwa grainda ili upendeze. Ule unene ndio nguvu yenyewe.

Macho, jamani. Nawaona vijana wakichomelea na miwani ya jua. Maumivu hayaji pale pale. Huja saa kadhaa baadaye, usiku, kama mtu amekumwagia mchanga machoni. Nunua ngao yenye kioo namba 10 au 11. Paipu za mabati zisage zinki yote kabla ya kuchoma, maana moshi wake huleta homa na kutetemeka, na maziwa hayazuii homa hiyo. Tangi la petroli lililowahi kutumika usilichomelee kabisa, hata likionekana kavu.

Bodi ni bati la alumini la kupiga riveti, na pua ya mbele ni faibaglasi. Hiyo ni kazi ya subira tu.

Juzi Jumamosi tuliirudisha chasisi juu ya matofali, mimi na mpwa wangu. Kona zote nne zilikaa, hata karatasi haikupita. Kisha tukaanza kukagua kabla ya rangi: yeye na tochi, mimi na chaki, kila kiungo kilichochomwa pande zote tunakiwekea alama. Vitatu vimebaki bila chaki, vyote chini ya kiti cha dereva, ambako mkono haufiki vizuri. Jumamosi ijayo tutaipindua tuvimalize.