Kigawe na kigawo: ni neno moja au mawili?

Swali: Jana nilikuwa namsaidia mwanangu wa darasa la tano kujumlisha sehemu. Nikamwambia atafute "kigawo kidogo cha shirika" cha 4 na 6. Akanikatiza: "Mama, ni kigawe." Mimi nilidhani ni neno moja, matamshi tu ndiyo yanatofautiana. Nani yuko sahihi?

Jibu: Mtoto yuko sahihi, mama, na amebeba tofauti ambayo wakubwa wengi tumeiacha ipotee. Ni maneno mawili, yote yametokana na gawa, na irabu ya mwisho ndiyo inayoyatenga.

Angalia mtume, mteule, kiumbe. Mtume ametumwa, mteule ameteuliwa, kiumbe kimeumbwa. Irabu e pale mwishoni inamwonyesha anayetendewa. Wazee wana jozi nzuri zaidi: mshindi ni aliyeshinda, mshinde ni aliyeshindwa. Basi kigawe ni namba inayogawanywa. 12 ni kigawe cha 4, kwa kuwa 4 inaigawa bila kubakiza kitu.

Irabu o mara nyingi hutupa kifaa: kifuniko ni cha kufunikia, kipimo cha kupimia, ufagio wa kufagilia. (Si kila mara, wimbo si kifaa cha kuimbia.) Kigawo ni namba ya kugawia. 4 ni kigawo cha 12.

Sasa rudini kwenye daftari. Mnataka 1/4 + 1/6. Asili, yaani zile namba za chini, hazilingani, kwa hiyo mnatafuta namba ambayo 4 na 6 zote zinaweza kuigawa. Vigawe vya 4 ni 4, 8, 12; vya 6 ni 6, 12. Zinakutana kwenye 12, na hiyo ndiyo KDS, kigawe kidogo cha shirika, yaani cha pamoja. Robo inakuwa 3/12, moja ya sita inakuwa 2/12, jibu 5/12.

Kigawo kinakuja mnaporahisisha. Mkipata 8/12, mnatafuta namba kubwa kuliko zote inayogawa kiasi, yaani namba ya juu, na asili kwa pamoja. Ni 4, ndiyo KKS, kigawo kikubwa cha shirika, na sehemu inabaki 2/3.

Kinachowakwaza watoto hasa, kwa maoni yangu, ni yale maneno "kidogo" na "kikubwa". KDS ya 4 na 6 ni 12, KKS yake ni 2. Inakuwaje kidogo kikashinda kikubwa? Ni kwa sababu kila kimoja kinalinganishwa na wenzake tu. Vigawe vya shirika vya 4 na 6 ni 12, 24, 36 na kuendelea bila kikomo, hakuna kilicho kikubwa kuliko vyote, kwa hiyo tunachukua cha kwanza. Vigawo vya shirika ni 1 na 2 basi, na 1 haipunguzi chochote, kwa hiyo tunachukua kilicho kikubwa.