Kipimo cha damu na kikohozi cha mtoto

Mama wa Uyole, umeuliza kama damu inaweza kuonyesha kuwa kikohozi cha mwanao wa mwaka na nusu ni cha virusi, asipewe antibayotiki bure. Inasaidia, ila haikati shauri peke yake.

Kinachopimwa zaidi ni CRP, protini ya ini inayopanda sana bakteria wanaposhambulia. Ikiwa chini, daktari huegemea virusi. Lakini huchukua saa kadhaa kupanda, kwa hiyo ukimpima damu wakati homa ndiyo kwanza imeanza, majibu yanaweza kukudanganya. Tena kuna virusi, adenovirusi kwa mfano, vinavyoipandisha vilevile. Protini ya MxA ndiyo hupanda mwili unapopambana na virusi, na mimi naona ndiyo yenye matumaini zaidi, hasa ikisomwa pamoja na CRP. Vituo vingi bado havina kipimo chake.

Na baridi hii ya Juni, tafadhali hesabu pumzi zake dakika nzima akiwa ametulia. Zikifika 40 au zaidi, mpeleke kituoni leo. Kifua kikibonyea ndani anapovuta hewa, au akishindwa kunyonya, usingoje hata kukuche.