Farasi wa miaka 3 anayeruka mshipi wa tandiko unapokazwa

Kwa farasi wa miaka 3 anayerukaruka kila mshipi wa tandiko unapokazwa, ningeshauri kwa dhati asipandwe kwanza, na mafunzo yarudi chini, mkufunzi akiwa amesimama kando yake. Daktari wa mifugo amkague mgongo na meno, kwa sababu maumivu mara nyingi hudhaniwa kuwa ukaidi, na hilo ni kumwonea mnyama. Kisha mfundishe kurudi nyuma, kusogeza miguu ya nyuma kando kwa mguso mwepesi, na kusimama anapoambiwa. Kinachomfundisha si shinikizo lenyewe bali kulegezwa kwake papo hapo anapojaribu kutii, kwa hiyo anayechelewa kulegeza humchanganya. Mzoeshe kitambaa cha tandiko pande zote mbili, maana alichokizoea kushotoni huweza kumshtua kikitokea kulia, na mshipi ukazwe tundu moja baada ya jingine, huku akitembezwa kidogo kila unapokazwa. Vipindi vifupi vinatosha. Hata atakapokuwa tayari, mpandaji awe mwepesi na asikae muda mrefu, kwani uti wa mgongo wa farasi huendelea kukomaa hata baada ya miaka 5.